Bawazir: jina la Mukalla lililofika Lamu

SWALI: Babu yetu alizaliwa Lamu, na mtaani kwetu nyumba ya Bawazir ni moja tu. Kwenye intaneti nimewakuta akina Bawazier wa Indonesia na akina Bawazeer wa Saudia. Je, ni ukoo mmoja? Na je, sisi ni masharifu?

JIBU: Likate jina baada ya silabi ya kwanza. "Ba" ni alama ya ukoo huko Hadhramaut, kusini mwa Yemen, kama kusema "wana wa fulani". Ndiyo iliyomo katika Bafadhil na Bajaber. Kinachobaki ni wazir, neno lile lile letu la waziri. Lakini angalia: Bakari haimo humo, maana hiyo ni Abubakar, wala Badawi, yaani bedui.

Akina Bawazir wenyewe husimulia kwamba shina lao ni waziri wa makhalifa wa Bani Abbas, naye akiwa wa ukoo huo huo, na kwamba Sheikh Yaqub bin Yusuf alitoka Iraki akaja kuishi Mukalla, mji wa bandari wa Hadhramaut. Kaburi lake lipo huko, limejengewa kuba. Si mbali na hapo upo mji unaoitwa Ghayl Bawazir, na ghayl ni maji yatiririkayo. Kwa hiyo nasaba yenu hupandishwa kwa Abbas, ami yake Mtume, si kwa Bibi Fatuma. Huko Hadhramaut mnahesabiwa masheikh, yaani ukoo wa wanazuoni, si masharifu. Ni heshima kubwa inayojitosheleza, na ningewasihi msiongeze nyingine juu yake.

Tofauti ya herufi isikutishe. Waholanzi walioitawala Java, kisiwa cha Indonesia, waliandika sauti ya "i" kwa "ie", na wanaofuata Kiingereza huandika "ee". Kwa Kiarabu wote ni باوزير. Waliosafiri na kaskazi walishuka pwani yetu, na kwa kuwa bandari yao kubwa ilikuwa Shihr, tukawaita Washihiri. Wahadhrami wengine walikwenda Hyderabad, India, kuwa askari wa Nizam, mtawala wa huko, wengine Java kufanya biashara.

Shina ni moja, ila undugu wa karibu hauthibitishwi na jina. Tena daftari nyingi za kikoloni ziliandika "fulani bin fulani, Mshihiri" bila ukoo, kwa hiyo ukitafuta Bawazir peke yake utampita babu yako bila kumwona. Anza na hati za ndoa za kadhi na za wakfu, hasa zenye Kiarabu, upate majina manne mfululizo pamoja na kijiji alikotoka wa kwanza kuvuka bahari. Kwa hayo, mzee wa Ghayl anaweza kukuambia ni tawi gani.