Jibu kwa aliyeamriwa kufuta video ya bibi yake kwenye ukaguzi

Mleta mada, pole kwa yaliyomkuta bibi. Kwa waliochelewa uzi: alikuwa anasafiri na bibi yake mwenye goti la chuma, geti la ukaguzi uwanja wa ndege likapiga kelele, bibi akapekuliwa kwa mkono mbele ya foleni nzima hadi kanga ikalegea. Mjukuu akatoa simu kurekodi, akaamriwa afute palepale. Anauliza kama alikuwa na haki, maana amesikia Marekani watu wanarekodi bila shida.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Moshi, na kupeleka wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndiyo kazi yangu. Hilo la Marekani nimelisikia sana kwa wageni, nikalifuatilia. Ni kweli, ila nusu. TSA, idara yao ya ukaguzi iliyoundwa mwishoni mwa 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba, haikatazi abiria kupiga picha kwenye ukaguzi, mradi asiingilie wala kuchelewesha kazi, na asipige skrini za mashine walizozikinga zisionekane na watu. Lakini huo ni utaratibu wa idara tu. Phil Mocek alikamatwa uwanja wa Albuquerque mwaka 2009, akirekodi baada ya kukataa kuonyesha kitambulisho. Mwaka 2011 jopo la raia lililosikiliza kesi likamwona hana hatia kwa mashtaka yote. Alipowashtaki waliomkamata alishindwa: mahakama ya rufaa ikasema mwaka 2015 kwamba siku ile anakamatwa, haki ya kurekodi pale ilikuwa haijathibitishwa wazi kisheria. Kwa hiyo hata huko mtu anaweza kushinda kesi ya jinai na bado asilipwe chochote.

Kwetu Tanzania, ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuubana uhuru huo kwa ajili ya usalama, na hapo ndipo inaposimama Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Enzi hizo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na hofu ya majasusi wa Wareno na makaburu ilikuwa na msingi. Tumerithi mazoea ya enzi hizo: daraja usipige, kambi usipige, uwanja wa ndege usipige.

Sasa angalia KIA siku mtoto wa watu anaondoka kwenda kusoma nje. Ukoo mzima umeshuka kutoka Marangu au Rombo, shangazi wamevaa vitenge vya sare, simu ziko juu. Ukaguzi wa kwanza upo mlangoni kabisa, kwa hiyo katika picha nyingi za kuagana mashine inaonekana nyuma ya bibi arusi wa siku hiyo, yule msafiri. Sijaona mtu akikimbizwa kwa picha hizo. Simu huwa tatizo pale inapomwelekea mkaguzi aliyeweka mikono mwilini mwa mtu. Hilo linaniuma, kwa sababu ndipo ushahidi unapohitajika zaidi.

Niliwahi kuwa na mgeni aliyemrekodi mama yake akipekuliwa, kwenye uwanja ambao sitautaja. Simu ikanyakuliwa, kelele, foleni ikasimama. Mkubwa wa zamu alipofika aliangalia video, akaona skrini ya eksirei haimo, akarudisha simu. Aliamua kwa busara yake. Hapakuwa na tangazo ukutani, na hakuna aliyetaja kifungu. Skrini ilindwe, sina ubishi, maana anayejua mashine inaona nini anajua pia pa kuficha. Lakini sharti liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kabla mtu hajafika kwenye mkanda wa kupitishia mizigo.

Kuna jambo moja, mdogo wangu, usilipite. Video yako ingemwonyesha bibi kanga ikiwa imelegea, na abiria wengine nyuma yake. Ibara ya 16 inalinda faragha yao, na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Kuwa nayo kama ushahidi ni sawa, kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ni jambo jingine kabisa.

Safari ijayo sema mapema, kabla hajapita getini: bibi ana chuma gotini, tunaomba apekuliwe na mwanamke, chumba cha pembeni, nami niwepo. Ukiambiwa ufute, usibishane kwenye mkanda, ndege itakuacha. Uliza kwa upole ni kanuni gani, omba mkubwa wa zamu. Kwa hili lililopita, andika leo kabla hujasahau: tarehe, saa, mlango gani, maneno aliyoyasema. Peleka kwa uongozi wa uwanja, nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kwa baraza lao la watumiaji wa huduma za anga. Bibi mwenyewe aweke sahihi au dole gumba, maana aliyepekuliwa ni yeye.