Gari linalowaka likijisikia

Wiki hii kaniandikia mdogo wangu mmoja wa Sengerema. Gari lake asubuhi linawaka bila shida, mchana akitoka dukani halitaki, akikaa kidogo akijaribu tena linawaka. Betri kashabadilisha. Sasa fundi anamwambia betri aliyonunua ni feki, atafute nyingine. Anauliza: "Dada, ninunue ya aina gani?"

Usinunue. Hela yako iache kwenye mkoba. Njia hiyo nimeipita yote, na walionipitisha bado wanakula kwa jina la ufundi hapahapa mjini.

Mnaonifuatilia mnajua kazi yangu ni dagaa. Nachukua Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, napeleka Geita na vijiji vya njiani. Biashara hii bila gari hakuna. Magunia yameshapakiwa alfajiri, wabebaji umeshawalipa, unazungusha ufunguo unasikia "tik". Basi. Unazungusha tena: tik. Unateremka, unafungua boneti, unatazama tazama, unarudi, unajaribu mara nyingine, injini hiyo inanguruma. Unaondoka ukijisemea limepona.

Fundi wa kwanza alinisikiliza kwa sikio moja. Macho yote yalikuwa kwa shemeji yangu niliyeongozana naye, mtu ambaye hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Akamwambia yeye, halafu ndiyo akanigeukia: "Mayu, hiyo betri." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hakupima chochote. Nikanunua betri mpya. Siku za mwanzo kimya, baadaye tik zikarudi. Fundi wa pili akasema altaneta haichaji. Naye hakupima. Ikafungwa altaneta ya mtumba, tik zikaendelea. Wa tatu akataka kufungua kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, na hapo nilimwondolea gari langu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, wazazi wangu wanasoma.

Shida ni kwamba kila nikifika gereji gari linawaka, kama mtoto ambaye jino linaacha kuuma akiuona mlango wa hospitali. Fundi anazungusha ufunguo, vruum, anakutazama kama umemzulia. Halafu anaanza kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe.

Yaliyonifika kwenye kivuko ndiyo yalinitoa machozi. Hiyo ni kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Ninyi mnaozivuka sasa zile kilomita 3 huku mkimenya karanga hamjui tulikotoka. Kwenye kivuko injini unazima. Nilikuwa mstari wa mbele kabisa. Tunafika Busisi, mlango unashushwa, nazungusha ufunguo: tik. Nyuma yangu malori, basi la abiria, pikipiki zinapenya pembeni, honi juu ya honi. Vijana wa kivuko wakalisukuma na mzigo wake wote mpaka nchi kavu, na konda mmoja akapaza sauti: "Mama, magari waachieni wanaume!" Watu wakacheka, wanawake wenzangu nao wakacheka. Nikakaa pembeni ya barabara, nikajaribu tena, likawaka. Yule konda sijamsamehe mpaka leo, na kama anasoma hapa, ajijue.

Niliporudi Mwanza nikaingia duka la vifaa vya umeme nikanunua mita, zile ndogo za njano. Kijana wa dukani akanionyesha jinsi ya kupima volti za betri, mengine nikajifunza usiku kwenye simu. Kisha nikasubiri ligome, na sikusubiri sana. Liligoma nyumbani, Igoma, Jumapili, hakuna mteja wala honi. Na safari hii sikuzungusha ufunguo mara ya pili. Nikaliacha limegoma.

Hapo ndipo penye ushauri wangu wote, soma taratibu: gari la namna hii lipimwe lingali limegoma. Ukishaliwasha kwa bahati, ushahidi umepotea. Anayekupimia gari linalowaka anakupimia gari lisilo na ugonjwa.

Betri ilisoma volti 12.5. Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma 12.6 hivi, ikishuka 12.2 imebaki kama nusu. Kwa hiyo betri yangu haikuwa na kosa, na ile ya zamani niliyoiacha gereji huenda nayo haikuwa nalo. Nikawasha taa kubwa, nikamwambia mwanangu apige selfu. Taa hazikufifia, tik ikasikika. Kama taa zingefifia mpaka karibu kuzima, ningeshuku betri au vichwa vyake. Zikibaki zinang'aa, maana yake umeme mwingi hauendi kokote, umezuiliwa mahali.

Nikashuka kwenye stata yenyewe, ile mota ya selfu inayozungusha injini mpaka iwake. Gia kwenye P, breki ya mkono juu, mwanangu kwenye usukani, na kitenge nimekifunga vizuri kisining'inie. Stata ina bolti mbili nene: moja inapokea waya mnene kutoka betri, ya pili inapeleka umeme ndani kwenye mota. Waya mweusi wa mita nikauweka hasi ya betri, mwekundu kwenye bolti ya kwanza: volti zipo. Mwanangu akazungusha ufunguo, tik, nikagusa bolti ya pili: sifuri. Umeme unafika mlangoni, hauingii ndani. Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu.

Nikampelekea mzee mmoja fundi umeme, Nyakato. Yeye hakubishana na mita. Akafungua stata, akatoa vipande viwili vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, hivi ndivyo vinavyounganishwa ukizungusha ufunguo. Kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja. Kikigusa vizuri gari linawaka, kisipogusa unasikia tik, na ndiyo maana ukirudia rudia kuna mara linakubali. Akaweka vipya. Gharama haikufika hata robo ya bei ya betri, na mpaka leo navuka daraja bila wasiwasi.

Sasa dada zangu, na kaka zangu mnaojua kujifanya mnajua. Sauti ya gari ndiyo inayokuambia uanzie wapi. Tik moja nzito na taa zinang'aa, anzia kwenye stata. Tik-tik-tik za haraka na taa zinafifia, anzia kwenye betri na vichwa vyake: kama kuna unga mweupe au wa kijani, fungua upande wa hasi kwanza, safisha, ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Usisahau waya wa ethi, ule wa hasi unaokwenda kwenye bodi na injini, huo wengi hawauangalii. Kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, kanyaga breki, toa P weka N, jaribu tena. Likiwaka, tatizo liko kwenye swichi ya gia. Bado kimya, badilisha rilei ya stata, ile swichi ndogo kwenye boksi la fyuzi, na nyingine yenye namba ileile, ya honi mara nyingi inafaa. Likipiga selfu vizuri lakini haliwaki, hiyo ni kesi nyingine, ya mafuta au ya sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, hasa injini ikiwa ya moto, na hapo mwite mwenye mashine ya kusomea hitilafu za gari. Aisome likiwa limegoma. Nimesema, narudia: likiwa limegoma.

Najua tunaishi milimani. Bugando, Igogo, Mabatini, mwenye gari la manyuo anaegesha kwenye mteremko, asubuhi anateleza nalo anaingiza gia, maisha yanaendelea miezi. Wa otomatiki huo ujanja hatuna. Na hata wewe wa manyuo, siku utaegeshwa bondeni Mwaloni kati ya malori mawili, ndipo utakumbuka kwamba Mungu alikupa masikio usikie tik na mikono ushike mita. Tunajua bei ya dagaa kwa kuangalia rangi, hatuuziwi wa juzi kwa bei ya wa leo. Kwa nini tunauziwa betri na mtu ambaye hajashika hata waya? Mwanamke mwenzangu, usiongozane na shemeji kwenda gereji. Nenda na namba zako kwenye karatasi: betri ilisoma ngapi, taa zilifanyaje, sauti ilikuwaje. Nimeona fundi anayeita kila mtu mayu akibadilisha lugha baada ya kusikia "12.5 likiwa limegoma".

Na kipuri cha zamani, chochote atakachobadilisha, akuwekee mkononi kabla hujatoa hela. Akisema amekitupa, mwambie akakiokote, wewe unasubiri.