Swali la lugha: Roketi ilitua mwezini?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Tanga ananiletea kesi iliyozuka ofisini kwao. Mwanafunzi wake kaandika kwenye insha: "Roketi ya Apollo 11 ilitua mwezini mwaka 1969." Yeye akaweka vema. Mwenzake akasema mtoto alipaswa kuandika "chombo cha angani". Wa tatu akashikilia kwamba Kiswahili sanifu ni "chombo cha anga za juu". Anamaliza: "Shikamoo mzee wetu, kati ya hawa wawili nani ana haki?"

Marahaba. Hao wawili tuwamalize upesi, maana mgonjwa wangu si wao. Anga ni ndugu wa mwanga na kuangaza, ingawa huko juu kwenyewe ni giza totoro. Siku hizi neno limebeba kila kilichopita juu ya utosi: kunguru yumo angani, tiara la mtoto limo angani, ndege ya kwenda Pemba imo angani. Anayesema "anga za juu" amemtenga kunguru, na hilo ni jema. Wengi huuweka mpaka kwenye kilomita 100 kutoka usawa wa bahari. Lakini mtu akinitajia "chombo cha angani" huku akizungumzia Mirihi, namwelewa na usingizi wangu naupata.

Kinachoninyima usingizi ni ile vema. Mwalimu, ifute.

Miaka yote hii napiga kelele juu ya "roketi", na miaka yote hii nacheka peke yangu. Setilaiti, roketi. Kituo cha kimataifa wanachoishi watu miezi sita, roketi. Nimewahi kusoma habari ya "roketi inayotembea juu ya Mirihi ikipiga picha". Roketi yenye magurudumu sita! Basi na lori tuliite pampu ya dizeli, tujue moja.

Roketi ni mpagazi. Jina tumelitoa kwa Waingereza, na asili yake ni Kiitaliano, kijiti cha kuzungushia uzi, kwa ajili ya umbo lake. Asili inatutosha hapo. Kazi yake ni kuubeba mzigo, kuurusha kwa kasi, kisha kufa. Ya Apollo 11, Saturn V, ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito unaokaribia tani 3,000, imeungwa kwa pingili tatu kama muwa. Pingili ya kwanza iliwaka muda usiofika dakika tatu, ikaanguka Atlantiki. Ya pili ikawaka dakika sita hivi, nayo ikaishia baharini. Ya tatu ikawasukuma wasafiri kuelekea mwezini, ikaachwa, ikaenda zake kulizunguka jua. Muwa umeliwa, maganda yametupwa.

Kilichoshuka mwezini tarehe 20 Julai ni kijumba cha miguu minne kiitwacho Eagle, yaani Tai, kisicho na bawa wala ncha. Ukikitazama utadhani meza ya mama lishe iliyoviringishwa karatasi za kung'aa. Ndani yake walikuwamo Armstrong na Aldrin. Collins alibaki juu, ndani ya Columbia, akiuzunguka mwezi na kuwasubiri. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: wakarudi kwake, Tai naye wakamwacha hukohuko. Kilichofika duniani tarehe 24 Julai ni ile Columbia, chombo chenye umbo la pia, cha tani tano hivi, kikining'inia kwenye parachuti hadi Pasifiki. Tani tano kati ya elfu tatu. Nionyesheni roketi iko wapi hapo.

Kisha kisikilizeni kitenzi chenyewe. Kutua, kabla ya ndege na viwanja vyake, ni jambo la mzigo: mchukuzi huutua mzigo kichwani. Sasa mchukuzi aliyezama Atlantiki ametuaje mwezini? Aliyetua ni mzigo wake!

Najua waliotuponza. Ni wachoraji. Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu ambamo chombo kama risasi kinafyatuliwa kwa mzinga na kuutumbua mwezi jicho. Miaka ya 1950 Mbelgiji Hergé akampakia Tintin, kijana wa katuni zake, kwenye roketi ya miraba myekundu na myeupe, ikaenda nzima, ikasimama kwa mkia mwezini, ikarudi nzima. Picha ile tamu, hata mimi naipenda. Mchora katuni ana ruhusa. Mwandishi wa habari nani kampa?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hatukuwa na sababu ya kupotea. Chombo pwani ni jahazi tangu enzi za mababu, na lina nahodha wake. Linapoingia bandarini, mwalimu wangu wa Tanga, umewahi kumsikia mtu akisema tanga limetia nanga?

Tena mfano tunao nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Wataliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na orodha yake ya mwisho ilifikia vyanzo 339. Jina lake? Uhuru. Roketi iliyoibeba iliitwa Scout, na sijakutana na mtu aliyeniuliza habari zake. (Voyager 1, chombo cha Marekani cha kuchunguza sayari za mbali, nayo iliachana na roketi yake siku ileile ya mwaka 1977 ilipoondoka, na hadi leo inakwenda, imebeba salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Hilo nitalilia siku nyingine.)

Mtoto mkate nusu alama, asionewe; nusu nyingine wadaiwe waandishi wa habari.

Na kabla barua hazijaanza kumiminika: najua. Tarehe 21 Desemba 2015, huko Florida, pingili ya kwanza ya roketi ya Falcon 9 ilirudi ikasimama kwa mkia wake, kama ya Hergé. Hiyo ni roketi, na ilitua. Asubuhi yake nilikaa mbele ya redio, chai mkononi, nisikie hatimaye sentensi ile ikitumika kwa haki. Msomaji wa habari akasafisha koo, akasema: "Chombo cha angani kimetua salama."