Mvua ya njano ndani ya testi tyubu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Moshi. Darasani lugha ni Kiingereza, lakini jioni nina kikundi cha wanafunzi ninaowaeleza kwa Kiswahili ili waelewe kwanza. Tukifika kwenye chumvi zinazoyeyuka na zisizoyeyuka majini, maneno yananiishia. Juzi niliipa simu sentensi initafsirie, ikaniletea "mvua ya njano ilinyesha ndani ya mirija". Watoto walicheka mpaka kipindi kikaisha. Je, chumvi huyeyuka au humumunyika? Kile kinachotokea ghafla mimumunyo miwili inapokutana kiitwe nini? Na ule usawa wa ioni zinazoingia na kutoka, niuiteje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Simu yako usiihukumu bado. Mvua yake ina kisa, nitairudia.

Tuanze na kuyeyuka. Barafu ya Kibo inayeyuka. Siagi iliyosahauliwa juani inayeyuka, na mshumaa vilevile. Hapo kitu ni kimoja tu: kilikuwa kigumu, joto likakipata, kikawa majimaji. Hakihitaji mwenzake. Sukari ndani ya chai ni habari nyingine. Imeingia katika maji na chembe zake zimetawanyika mpaka jicho haliioni tena, ulimi tu ndio unaojua kwamba ipo. Sasa, mtu akikuambia "koroga mpaka sukari iyeyuke" hajakosea. Ndivyo tulivyolelewa, na ukianza kumsahihisha mama jikoni utakunywa chai ya rangi bila sukari yenyewe. Ila kwenye kemia utata unakuja haraka, kwa sababu chumvi ya kula nayo huyeyuka kweli, kama barafu, ukiipasha moto hadi nyuzi 801 za Selsiasi. Mwanafunzi akiandika "chumvi imeyeyuka", msahihishaji ajue ni ya kwenye moto au ya kwenye maji?

Ndipo linapokuja kumumunyika, na mimi nalipenda neno hili kuliko mengi yaliyoundwa kwa ajili ya sayansi. Mtazame mtoto mwenye pipi ya kijiti. Haitafuni. Anaiacha mdomoni, mate yanaizunguka, anaitoa kuitazama, imepungua, anairudisha. Baada ya muda kijiti ni kitupu na meno hayakufanya kazi yoyote. Huko ndiko kumumunya. Mate ni yale maji yako, pipi ni ile chumvi yako, na aliyelichukua neno hilo kutoka mdomoni akalipeleka maabara alikuwa na jicho.

Kisarufi nalo linakulipa. Kiambishi -ik- kinabeba mambo mawili: hali iliyokwisha kutokea na uwezekano. "Imemumunyika" ni kwamba tayari iko ndani ya maji. "Humumunyika" ni kwamba hiyo ndiyo tabia yake, kama tusemavyo njia hii hupitika au mwandiko huu husomeka. Ukitaka jina la tabia, ni umumunyifu. Mchanganyiko uliopatikana ni mmumunyo, wingi mimumunyo, ngeli ya mti. Kile kinachomumunyisha wengine hukiita kiyeyushi, wengine kimumunyishi. Mimi natumia la pili ili ukoo usitawanyike.

Tahadhari moja: "haimumunyiki" ni neno la haraka. Kloridi ya fedha, ile nyeupe mnayoipata mkichanganya nitrati ya fedha na maji ya chumvi, kila kitabu huiweka kwenye orodha ya zisizomumunyika. Lakini kwa nyuzi 25 lita moja ya maji huibeba kiasi cha miligramu 2 hivi. Ni kidogo, ila si sifuri, na mada yako yote imejengwa juu ya hicho kidogo. Wafundishe kusema "humumunyika kidogo mno". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini ni ya kweli.

Hukuuliza hili linalofuata, ila naliona limejificha nyuma ya swali lako: kukolea na kushiba. Nimesoma maelezo mengi ya kemia kwa Kiswahili ambamo maneno haya mawili hubadilishana viti kana kwamba ni pacha. Kukolea ni wingi wa kilichomo. Chai imekolea majani, mchuzi umekolea chumvi, rangi ya kitenge imekolea. Kushiba ni kufika mwisho wa uwezo wa kupokea, hata ukibembelezwa huongezi tonge. Sasa angalia. Maji ya sukari yaliyoshiba kwa joto la kawaida yana takriban kilo 2 za sukari kwa kila lita ya maji. Hayo yameshiba na yamekolea, yanavutika kama asali. Maji ya chumvi ya kula hushiba kwa gramu 360 hivi. Lakini maji yaliyoshiba kloridi ya fedha yana zile miligramu 2 tu. Ukiyaonja (usiyaonje) ungesema ni maji matupu. Yameshiba, hayajakolea. Mwenye tumbo la kuku hushiba kwa punje chache, na kushiba kwake ni kushiba halali. Mwanafunzi akilishika hili kwa Kiswahili, nusu ya hesabu za mada hii zimemfungukia.

Kuhusu usawa wa ioni, zile chembe zenye chaji ambazo chumvi hugawanyika kuwa majini, maneno yanayogombea ni mizani, urari na msawazo. Mizani naikataa kwa sababu ya picha yake: mshale umetulia katikati, mwenye duka anafunga mfuko, mambo yamekwisha. Urari umeshachukuliwa na wahasibu na watu wa biashara ya nje, waachie. Nakushauri msawazo, lakini ulieleze vizuri, maana hapa hakuna kilichotulia. Panda haisi ya Moshi kwenda Himo saa kumi na moja jioni. Imejaa. Konda bado anasema "sogea kidogo hapo". Kila kituo anashuka mmoja, anapanda mmoja. Ukihesabu vichwa Kiboriloni na ukihesabu tena mbele, idadi ni ileile, ila abiria si walewale. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya mmumunyo ulioshiba: ioni zinaondoka kwenye punje ngumu kuingia majini, nyingine zinarudi kuwa punje, kwa kasi moja. Ukitaka kusisitiza mwendo huo sema "msawazo hai", ingawa wenzangu wa Boma Ng'ombe watadhani wilaya yao imetajwa.

Mfano huohuo unabeba na ioni ya pamoja, yaani ioni ileile inayoletwa na chumvi mbili, bila kutoa jasho. Kama nusu ya viti tayari imekaliwa na kloridi ya chumvi ya kula, kloridi ya fedha itapata nafasi finyu zaidi kuliko ingepata kwenye maji matupu.

Kuna pia "zao la umumunyifu", ile namba unayoipata ukizidisha viwango vya ioni katika mmumunyo ulioshiba. Kwa kloridi ya fedha, nyuzi 25, ni takriban 1.8 × 10⁻¹⁰. Zao hapa ni lile la hesabu za shule ya msingi, jibu la kuzidisha. Najua kwenu Kilimanjaro mtoto akisikia zao anafikiria kahawa. Mwambie siku ya kwanza, atacheka, atazoea. Na neno chumvi lenyewe lisikusumbue: wazee waliita chumvi ya haluli ile dawa ya kuharisha, ambayo ni salfeti ya magnesi, muda mrefu kabla yako na mimi. Kiswahili hakijawahi kudhani kwamba chumvi ni ya mboga tu.

Sasa lile gumu. Kitu kinachojitokeza. Wanafunzi wengi husema "presipiteti", na sitawapiga kwa hilo. Vitabu vingi hupendelea mashapo. Tatizo la mashapo ni kwamba katika maisha ya kawaida ni kitu kilichokuwamo tangu mwanzo kikielea. Chota maji ya Mto Themi wakati wa masika, yaache kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi juu ni meupe, chini kuna tope la kidole kimoja. Hayo ni mashapo, lakini lile tope halikumumunyika hata dakika moja. Masalia ya kahawa chini ya kikombe ni vivyo hivyo. Kwenye testi tyubu yako una mimumunyo miwili iliyo angavu, hakuna hata vumbi ndani yake, inakutana na papo hapo kinazaliwa kitu kigumu ambacho hakikuwapo.

Kiswahili cha jikoni kina neno lililo karibu sana na tukio hilo. Maziwa yaliyoanza kuchachuka ukiyabandika jikoni, dakika moja ni maziwa, dakika inayofuata kuna mabonge na majimaji. Tunasema yamekatika. Nilijaribu kulitumia darasani zamani, "mmumunyo umekatika", na siku hiyohiyo umeme nao ukakatika, basi likafa hapo. Kuganda hakufai pia, kwa sababu kinachoganda huganda chote, kama damu au mgando.

Hukumu yangu: baki na mashapo, tofauti iachie kitenzi. Tope hutua. Mashapo ya kemia hujitokeza. "Mashapo meupe yamejitokeza", "mchanganyiko umetoa mashapo ya njano". Usiandike "yameshuka" mpaka yameshuka kweli. Puliza pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa: yanageuka kama maziwa kwa sababu kaboneti ya kalsiamu imejitokeza, lakini punje zake zinaelea, hazijafika chini. Ukiendelea kupuliza sana maji yanaanza tena kuwa angavu. Mashapo yamemumunyika kabla hayajatua popote.

Tofauti hii si ya mtihani tu, na sisi wa Arusha tuna meno ya kuthibitisha. Jirani yangu huchuja maji ya kisima kwa kitambaa, halafu huyachemsha, akiamini floraidi, ile inayoyatia meno yetu madoa, imekwisha. Mashapo huchujika, kilichomumunyika hupita na maji kwenye kitambaa chochote. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Ile chokaa nyeupe inayoshika kwenye birika ni kaboneti ya kalsiamu iliyojitokeza, na kalsiamu ndiyo hasa ambayo floraidi ingeshikana nayo na kutoka majini. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana magadi, na magadi yanaimaliza kalsiamu mapema kwa njia hiyohiyo. Floraidi inabaki haina mwenza wa kujitokeza naye, na huzidi ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Pale Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa huinasa floraidi ambayo kitambaa cha jirani yangu hakiwezi kuigusa. Nimemweleza. Ameniambia maji yake yanaonekana masafi.

Turudi kwa simu yako. Nadhani sentensi uliyoipa ilihusu nitrati ya risasi na iodidi ya potasi, maana njano hiyo naifahamu. Waingereza walichukua neno la Kilatini lenye maana ya kutupwa kichwa chini, wakayaita hivyo mashapo ya kemia (precipitate), na mvua pia wakaiita hivyohivyo (precipitation). Simu ikachagua mvua. Lakini jaribu hivi. Chukua yale mashapo ya njano, kidogo tu, yaongezee maji na uyapashe moto karibu ya kuchemka. Iodidi ya risasi ambayo kwa nyuzi 20 haifiki gramu 1 kwa lita, kwa nyuzi 100 hufika gramu 4 na ushei. Njano inapotea, maji yanabaki angavu. Weka testi tyubu kando ipoe taratibu, iegeshe mahali penye mwanga wa dirisha. Vinaanza kuonekana vipande vyembamba vinavyong'aa, vinapinduka na kuteremka kimoja kimoja, kisha vingi, vya rangi ya dhahabu. Jaribio hilo wanakemia wenyewe huliita mvua ya dhahabu.

Hapo nakuruhusu mvua, Mwalimu, ingawa "ilinyesha" nitaikata kwa kalamu nyekundu. Na vile vipande vya dhahabu, kwa kuwa vimejipanga polepole vikapata umbo, viite fuwele. Ukimaliza, usivimwage kwenye sinki. Risasi ni sumu.