Asilimia ya Waliopata Kazi: Ikague Kabla Hujaiamini

Ukipangiwa kazi ya kufuatilia wahitimu, iwe chuoni, wizarani au kwenye shirika linalofundisha ufundi, swali la kwanza utakaloletewa ni hili: asilimia ngapi wamepata kazi? Usikimbilie kulijibu. Muulize mwenye swali anataka kuamua nini. Mkuu wa idara anayefikiria kupunguza nafasi za kozi anahitaji kujua kama wahitimu wanatumia walichosomea. Mshauri wa wanafunzi anahitaji kujua kazi hupatikana baada ya muda gani na kwa kipato cha kiasi gani. Mfadhili anataka kujua kama mafunzo yameleta tofauti yoyote ambayo isingekuwepo bila mafunzo hayo. Maswali hayo matatu hayajibiwi na namba moja, na dodoso lililoandikwa kabla ya kujua ni lipi linaulizwa mara nyingi halijibu hata moja.

Sasa tazama namba yenyewe. Tuseme kozi imetoa wahitimu 400. Umewapelekea dodoso, wakajibu 120. Kati yao 90 wana kazi, 18 wanaendelea na masomo tu, na 12 wanatafuta kazi. Ukigawa 90 kwa 120 unapata asilimia 75. Ukiwaondoa wanaosoma, 90 kwa 102, unapata 88. Ukigawa kwa wahitimu wote 400, unapata 22.5. Hakuna aliyedanganya popote. Kilichobadilika ni asili, ile namba ya chini ya sehemu. Ndiyo maana asilimia isiyoambatana na asili yake haifai kutoka ofisini. Andika zote mbili, kila mara, hata kama mkubwa wako anaona zinachafua jedwali.

Kisha fanya hesabu ambayo wengi huikwepa. Kama wale 280 wasiojibu wote hawana kazi, kiwango halisi ni asilimia 22.5. Kama wote wanazo, ni 92.5. Ukweli uko mahali fulani katikati, na upana wa pengo hilo ndio kipimo cha usichokijua. Usidhani kwamba waliojibu ni sawa na walionyamaza. Aliyeajiriwa vizuri hujibu kwa furaha. Aliyekaa nyumbani huona aibu, au laini yake ilishafungwa. Njia ya kupunguza pengo si kutuma dodoso lile lile mara ya sita. Chagua kwa bahati nasibu watu 40 au 50 kati ya walionyamaza, uwapigie simu mpaka uwapate wengi iwezekanavyo, na uwaulize maswali matatu tu. Majibu yao yatakuonyesha kama kundi la kimya limeegemea upande gani. Pia linganisha waliojibu na orodha nzima kwa mambo unayoyajua tayari: jinsia, kozi, ufaulu, mwaka wa kuhitimu.

Kinga ya tatizo hili hufanyika kabla ya mahafali. Mwanafunzi anapokuja kumaliza taratibu za kuondoka, chukua namba mbili za simu, barua pepe yake binafsi (ya chuo hufungwa baadaye, halafu watu wanashangaa kwa nini hakuna anayejibu), na namba ya ndugu asiyehamahama. Hapo hapo mwombe ridhaa ya kutafutwa na ya kumbukumbu zake kuunganishwa na za ajira. Ridhaa hiyo ukiifuata baada ya miaka miwili, kuipata ni shida.

Neno “kazi” nalo linahitaji kubanwa. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013 uliweka kipimo kwamba mtu ameajiriwa akifanya kazi ya malipo au faida walau saa moja katika wiki inayoulizwa. Kipimo hicho kinafaa kwa kuhesabu nguvu kazi ya taifa, lakini kwa kupima kozi ni chepesi mno. Ongeza maswali: saa ngapi kwa wiki, angetaka saa zaidi, mkataba ni wa muda gani, na ujuzi aliosomea anautumia kila siku, mara chache au kamwe. Swali la mwisho ndilo litakalomsaidia mwalimu kuliko yote.

Muda wa kuuliza hubadilisha jibu. Miezi 6 baada ya kuhitimu unakuta vibarua, kujitolea na mafunzo kwa vitendo. Uingereza iliwahi kuwauliza wahitimu wake karibu miezi 6 baada ya kumaliza, kisha ikahamia miezi 15 kwa waliomaliza kuanzia mwaka wa masomo wa 2017/18. Kumbukumbu zake za kodi zilizounganishwa na za elimu hutazamwa mwaka 1, 3, 5 na 10 baada ya kuhitimu. Ukiweza kuuliza mara mbili tu, uliza baada ya mwaka mmoja na baada ya mitatu. Na usilinganishe kozi iliyoulizwa Machi na iliyoulizwa Oktoba, kwa sababu ajira nyingi zina msimu.

Kuunganisha orodha ya wahitimu na kumbukumbu za mifuko ya hifadhi ya jamii au za kodi kunaokoa gharama ya dodoso, lakini hapa ndipo makosa hujificha vizuri zaidi. Anza na namba ya kitambulisho. Ifungue kama maandishi, si kama namba: programu za lahajedwali hufuta sifuri za mwanzo, na Excel hugeuza kuwa sifuri tarakimu zote baada ya ile ya 15. Tarehe nazo ziangalie. Siku na mwezi hubadilishana nafasi, na ukiona watu wengi mno wamezaliwa tarehe 1 Januari ujue siku halisi haikujulikana, hivyo usiitegemee kuthibitisha mtu. Majina yaweke herufi ndogo zote, ondoa vituo na vistari, kisha yapange kwa alfabeti, maana orodha moja hutanguliza jina la ukoo na nyingine hulimalizia.

Unganisha kwa awamu. Awamu ya kwanza ni kitambulisho pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Ya pili, kwa waliobaki, ni majina yote, jinsia na tarehe kamili. Ya tatu ni ya makadirio, ambapo kila kinachofanana kinapewa uzito na kinachotofautiana kinapunguza. Msingi wake wa kihesabu uliwekwa na wanatakwimu Fellegi na Sunter mwaka 1969 na bado ndio unaotumika. Kila awamu, toa jozi 100 kwa bahati nasibu uzisome kwa macho. Halafu ripoti asilimia ya waliounganika kwa kila jinsia na kila kozi. Wanawake waliobadili jina la ukoo baada ya kuolewa huunganika kwa shida zaidi, na asiyeunganika huhesabiwa kama hana kazi. Unaweza kuchapisha pengo la ajira kati ya wanaume na wanawake ambalo kumbe ni pengo la majina.

Kuna na wasioonekana kabisa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi duniani, watu bilioni 2, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Fundi aliyejiajiri hayumo kwenye orodha ya mishahara, wala aliyehamia nchi nyingine. Kwa hiyo usiandike “hana kazi”. Andika “hakuonekana kwenye kumbukumbu”. Kwa kozi za ufundi, ambako wengi hujiajiri, kumbukumbu za mishahara peke yake zitakudanganya. Zisindikize na simu.

Kuhusu aina ya kazi, usiulize cheo tu. “Ofisa” na “meneja” havisemi kitu. Uliza pia kazi mbili kuu anazofanya kwa wiki. Mfumo wa kimataifa wa kupanga kazi, ISCO-08, una makundi 436 ya tarakimu nne, lakini mtu akiandika “mwalimu” bila ngazi huwezi kupita tarakimu mbili, 23, kwa kuwa 231 ni wa chuo kikuu, 232 wa ufundi, 233 wa sekondari na 234 wa msingi na awali. Usibuni tarakimu ya tatu ili jedwali lijae. Wape watu wawili majibu yale yale 100 wayapange bila kuonana, kisha tazameni mlipotofautiana.

Kipato: toa namba ya katikati (ile inayoangukia katikati ukivipanga vipato kwa ukubwa), si wastani, kwa sababu wachache wenye mishahara mikubwa huvuta wastani juu. Uliza kama ni kabla ya makato au baada yake. Mshauri akikaa na mwanafunzi amwonyeshe pia kipato ambacho robo ya wahitimu wako chini yake na kile ambacho robo wako juu yake, maana kijana husikia namba moja akaichukulia kuwa ahadi.

Matangazo ya kazi ya intaneti yanavutia, lakini yana nakala nyingi za tangazo moja na hupendelea kazi za ofisini. Tumia kuona ujuzi gani unatajwa, si kuhesabu nafasi.

Unapolinganisha vyuo, shuka kwanza kwenye kozi. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilionekana kukubali takriban asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya uzamili na uzamivu, na 35 ya wanawake. Idara zilipotazamwa moja moja pengo hilo karibu likatoweka. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zenye ushindani mkali. Chuo chenye wauguzi wengi na chuo chenye wasanii wengi hupishana kwa sababu hiyo hiyo, kabla hata ubora wa ufundishaji haujaingia. Angalia pia ufaulu wa kuingilia.

Seli, yaani kisanduku cha jedwali, yenye watu chini ya 10 usiichapishe. Ficha na seli ya pili kwenye mstari huo, la sivyo msomaji atatoa kwenye jumla na kuipata. Mtafiti wa faragha ya data, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu.

Mwisho, jihadhari pale fedha za chuo zinapofungwa kwenye asilimia ya ajira. Mwanasaikolojia Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika kuamua mambo ya watu, ndivyo kinavyozidi kuharibika. Chuo kitaanza kuchuja wanaoingia, kumsukuma nje anayesuasua kabla hajahitimu, au kumwajiri mhitimu wake mwenyewe kwa miezi mitatu ya kuhesabiwa. Dawa ni kuchapisha kwenye mstari mmoja walioingia, waliomaliza, waliofikiwa, waliokuwa kazini mwaka wa kwanza, na waliokuwa bado kazini mwaka wa tatu. Aliyesukumwa nje ataonekana kwenye safu ya pili, na ajira ya miezi mitatu itaonekana kwenye ya tano.