Churchill kwa kilo?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Vitabu. Marehemu baba alikuwa mpishi wa Wazungu wa mradi wa karanga, hapa Kongwa. Walipoondoka walimwachia juzuu tatu za Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule wa vita, kuhusu Vita Kuu ya Pili. Muuza maandazi anazitaka kwa kilo. Nimpe?
Mwalimu mstaafu, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mwambie anunue magazeti!

Ila usianze kuhesabu nyumba Dodoma mjini. Kazi hiyo ina juzuu sita, zilianza kutoka 1948, na zilichapwa kwa wingi mno. Churchill alipata Nobel ya fasihi 1953, lakini umaarufu wa mtu hauongezi bei ya kitabu kilichojaa kila mahali. Na wewe una nusu ya seti.

Tazama kurasa za mwanzo. Kuna jina la mwenyewe, tarehe, neno “Kongwa”? Hapo ndipo penye mali. Mradi ule ulianza 1947, ukavunjwa 1951, na masalio yake yanazidi kupotea. Andika kwenye karatasi ya pembeni alivyokuambia baba, uiambatanishe na vitabu. Jina usilifute, wala karatasi ya juu ya jalada usiitupe, hata kama imechanika. Mimi niliwahi kubandika moja kwa gundi ya viatu. Mnunuzi aliirudisha mezani bila kusema neno.

Mchwa wa kwetu unawajua: weka juu, mbali na ukuta. Kisha uza zote tatu pamoja, kwa mtu wa historia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.