Unganisha nini na nini?

SWALI: Naandika mwongozo wa kufikia hifadhidata ya PostgreSQL kwa kuandika amri tu, bila vitufe vya kubofya. Niseme "unganisha kwa hifadhidata" au "unganisha kwenye hifadhidata"? Na je, hifadhidata ni neno moja?

JIBU: Ni neno moja, ngeli ya I-/ZI-: hifadhidata hii, hifadhidata hizi. Hifadhi limetoka Kiarabu. Data ni la Kilatini, likaja kwetu kupitia Kiingereza. Hayo yanatosha, maana kinachoniudhi ni hicho kitenzi.

Usiandike lolote kati ya hayo mawili. Unganisha nini? Mzizi ni unga. Tia -an-, upate ungana: pande mbili zinatendeana. Tia -ish- juu yake, upate unganisha: mwingine anazifanya pande hizo ziungane, na lazima azitaje. Tazama kutana na kutanisha. Nani amewahi kusema "jana nilikutanisha kwa rafiki yangu"? Hata mtoto mdogo husema "nilikutana na rafiki yangu". Ukimwambia mtu "nilikutanisha", atakukodolea macho akingoja: ulimkutanisha nani na nani? Wala hatusemi "nimepatanisha kwa jirani". Tunapatana na jirani, au tunawapatanisha majirani waliogombana. Lakini msemaji huyohuyo akikaa mbele ya kompyuta anaandika "unganisha kwa seva", na haoni haya! Hiyo "kwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ungana hufuatwa na "na", kama pigana, kama onana.

Sasa mwongozo wako. Amri ni hii:

psql -h seva -U mtumiaji -d hifadhidata

Hapo psql, yaani programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, ni upande mmoja. Upande wa pili ni seva, yaani programu inayotunza hifadhidata, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye mlango (port) namba 5432. Pande zenyewe zimeshajitaja, basi andika "psql inaungana na seva". Ukimwagiza msomaji, mwambie "unganisha psql na hifadhidata". Akifanikiwa, "umeunganishwa na hifadhidata". "Jiunge na hifadhidata" iache kabisa, maana kujiunga ni kuwa mwanachama.

"Kwenye" naivumilia mahali pamoja tu: "ingia kwenye hifadhidata". Ingia hudai mahali, na hapa mtu anataja jina lake, anaulizwa nywila, kisha anapita. Ningekuwa mimi, ningeandika hivyo tangu ukurasa wa kwanza.